Sura ya Tano: Meli Imekwama Mbali, Kwa Nini Bei Ipande Kariakoo?

Mteja sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, anashika ndoo ya plastiki, anatajiwa bei mpya, anauliza kulikoni. Muuza duka anamjibu kwa neno moja: "Meli." Mteja analipa, anaondoka na ndoo, lakini haondoki na jibu. Meli ipi? Imekwama wapi? Na kama ndoo imetoka Guangzhou, China, inahusiana nini na mashambulizi ya Bahari ya Shamu, njia ambayo wala haikupita?

Ni swali la haki, na watu wamelirudia kila dunia inapotikisika: wakati wa Uviko-19, wakati wa vita vya Ukraine, wakati meli zilipolazimika kuizunguka Afrika nzima. Sura hii inalijibu. Kisha inauliza la pili, ambalo lina faida zaidi kwa mtu wa biashara: mshtuko ukija, kwa nini kampuni moja huanguka na jirani yake, anayenunua kwa muuzaji yuleyule, hubaki amesimama?

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu neno moja. Mnyororo wa ugavi ni safari nzima ya bidhaa, kuanzia malighafi hadi mkononi mwa mteja. Ndoo ile ilianza kama mafuta ghafi, ikawa chembe za plastiki, ikaingia kiwandani, ikapakiwa kwenye kontena, ikavuka bahari, ikashushwa bandarini, wakala wa forodha akaitoa, lori likaipeleka kwa muuzaji wa jumla, ndipo ikafika rejareja. Na si bidhaa peke yake inayosafiri. Fedha husafiri kurudi nyuma, kutoka kwa mteja kwenda kwa mzalishaji, na taarifa husafiri pande zote mbili. Kimoja kikisimama, bidhaa, fedha au taarifa, vingine havikawii kusimama.

Mshtuko unavyosafiri

Machi 23, 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilikwama kwenye Mfereji wa Suez na kuuziba. Ilinasuliwa Machi 29. Kwa siku hizo zote ilifungwa njia iliyokuwa ikipitisha takribani asilimia 12 ya biashara ya dunia. Miaka miwili na nusu baadaye, Novemba 2023, wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walianza kushambulia meli za biashara kwenye Bahari ya Shamu. Kufikia Desemba, kampuni kubwa za meli kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd zilikuwa zimeanza kuikwepa njia hiyo na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari kati ya Asia na Ulaya ikaongezeka kwa siku 10 hadi 14.

Ndoo yetu haikupita huko. Basi kwa nini iguswe?

Tuseme njia fulani inahitaji meli moja kila wiki, na safari ya kwenda na kurudi huchukua wiki 10. Kampuni itahitaji meli 10 ili ratiba isikatike. Sasa safari imerefuka hadi wiki 12. Ili kila wiki meli ing'oe nanga kama kawaida, zinahitajika meli 12 kwa mzigo uleule. Hizo mbili za ziada zitaondolewa kwenye njia nyingine, ambako nafasi itapungua na nauli itapanda. Kontena tupu nazo huchelewa kurudi China, kwa hiyo kiwanda chenye mzigo tayari hakina cha kupakilia. Hivyo ndivyo tatizo la njia moja linavyowafikia hata wasioitumia.

Kupanda kwenyewe kunaweza kuwa kukubwa. Kabla ya Uviko-19, wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia ulikuwa kwenye dola 1,500 hivi. Septemba 2021 ulipita dola 10,000.

Maumivu hayo hayagawanywi sawa. Chukua kontena lenye jozi 20,000 za kandambili. Nauli ikiwa dola 2,000, kila jozi inabeba senti 10 za dola. Nauli ikipanda hadi dola 8,000, kila jozi inabeba senti 40. Kwa kandambili iliyonunuliwa kiwandani kwa dola moja, huo ni mzigo mkubwa. Lakini kontena lililojaa vipuri vya thamani ya dola milioni moja halitikisiki kwa nyongeza ya dola 6,000. Ndiyo maana vitu vinavyojaza nafasi na kuleta faida ndogo, kama ndoo, viti vya plastiki na magodoro, ndivyo vinavyopanda bei kwanza. Na wanunuzi wa vitu hivyo ni watu wa kipato cha chini.

Kwa ufupi: nauli hupanda hata kwenye njia iliyo salama, kwa sababu meli na kontena hutumiwa na dunia nzima kwa pamoja. Bidhaa ya bei ndogo inayochukua nafasi kubwa ndiyo huumia zaidi.

Faida na hatari ya ghala tupu

Kwa miongo kadhaa, kampuni nyingi zilifundishwa kwamba mzigo uliolala ghalani ni fedha iliyolala. Shule kubwa ya fikra hiyo ilikuwa Toyota ya Japani. Mhandisi wake, Taiichi Ohno, alivutiwa na namna maduka makubwa ya Marekani yalivyojaza rafu kwa kufuata kile mteja alichochukua. Akaupeleka utaratibu huo kiwandani: kipuri kifike pale kinapohitajika, wakati kinapohitajika, kwa idadi inayohitajika. Kadi ndogo iliyoambatana na boksi la vipuri, iitwayo kanban, ilirudishwa nyuma boksi lilipotumika, na kurudi kwake ndiko kulikokuwa oda ya boksi lingine.

Utaratibu huo uliokoa fedha nyingi na kufichua makosa mapema, kwa sababu kipuri kibovu hakikuwa na rundo la kujificha. Lakini ulikuwa na upande wa pili. Februari 1, 1997, kiwanda cha Aisin mjini Kariya kiliungua. Kilitengeneza valvu ndogo ya breki, na karibu valvu zote za aina hiyo zilizotumiwa na Toyota zilitoka hapo. Akiba iliyokuwepo ilikuwa ndogo sana. Viwanda vya magari vikasimama.

Kilichoiokoa Toyota ni watu waliofahamiana. Michoro ya valvu iligawiwa kwa makampuni mengi, na kila mwenye mashine ya kuchonga chuma akaombwa ajaribu. Hata Brother, watengenezaji wa vyerehani, walichonga valvu za breki. Ndani ya siku chache magari yalianza kutoka tena.

Tetemeko la ardhi na tsunami vya Machi 11, 2011 nchini Japani vilitoa funzo zito zaidi. Toyota iligundua kwamba inawajua vizuri wauzaji wake, lakini haiwajui vya kutosha wauzaji wa wauzaji wake. Ikajenga kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, inayoonyesha nani anamuuzia nani hadi ngazi za chini. Pia iliwataka wauzaji wa vipuri fulani, zikiwemo chipu, waweke akiba ya miezi kadhaa. Chipu ni kipande kidogo cha silikoni kinachoendesha vifaa vya umeme, kuanzia simu hadi breki za gari. Uhaba wa chipu ulipoikumba dunia mwanzoni mwa 2021, washindani wa Toyota walifunga mitambo mapema, huku Toyota ikiendelea kuunda magari. Uhaba uliporefuka, Toyota nayo ililazimika kupunguza uzalishaji mwezi Septemba mwaka huo. Akiba ilikuwa imeinunulia muda, na muda huo ulikuwa na thamani kubwa.

Radi moja, kampuni mbili

Ijumaa usiku, Machi 17, 2000, radi ilipiga nyaya za umeme katika jimbo la New Mexico, Marekani. Umeme ukayumba, na katika kiwanda cha chipu cha Philips mjini Albuquerque moto mdogo ukawaka. Ulizimwa kwa dakika 10 hivi. Lakini chipu hutengenezwa katika vyumba ambavyo hata chembe ya vumbi hairuhusiwi kuingia, na sasa vyumba hivyo vilikuwa vimejaa moshi na maji.

Wateja wakubwa wa chipu hizo walikuwa wawili: Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, wote watengenezaji wa simu za mkononi. Wote waliambiwa jambo lilelile: kumetokea moto, tarajieni kuchelewa kwa wiki moja hivi.

Nokia ilikuwa na mazoea ya kuangalia kila mzigo ulivyofika ukilinganishwa na ulivyotarajiwa. Mara moja chipu zile ziliwekwa kwenye orodha ya vitu vya kufuatiliwa kwa karibu, na simu ikawa inapigwa Philips kila siku. Majibu yalipoanza kuyumba, habari ilipanda hadi kwa wakubwa. Ilipobainika kwamba kuchelewa kungekuwa kwa miezi, timu ya Nokia ilikwishaanza kazi: iliibana Philips itumie viwanda vyake vingine, ikatafuta wauzaji wengine wa Japani na Marekani, na wahandisi wakabadili muundo wa baadhi ya chipu ili ziweze kutengenezwa kwingine.

Kwa Ericsson, habari ilipokelewa na mafundi na ikakaa kwa mafundi. Wiki zilipita kabla wakubwa hawajaelewa uzito wake. Walipoamka, nafasi kwa wauzaji wengine ilikuwa imeshachukuliwa, na kwa baadhi ya chipu hawakuwa na muuzaji wa pili kabisa. Ericsson ilipoteza mauzo ya takribani dola milioni 400. Mwaka uliofuata iliunganisha biashara yake ya simu na Sony.

Kampuni zote mbili zilikuwa na kompyuta na zilikuwa na taarifa. Tofauti ilikuwa katika umbali kati ya mtu aliyepokea taarifa na mtu mwenye mamlaka ya kuitendea kazi. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alibebe kutoka sura hii: teknolojia inaleta habari, na kampuni inaokolewa na uamuzi unaofanywa mapema na mtu mwenye njia ya pili mkononi.

Tuongeze tahadhari moja. Nokia hiyohiyo ilishindwa kuendana na simu janja za aina mpya zilizoingia sokoni kuanzia 2007, na mwaka 2014 biashara yake ya simu ilichukuliwa na Microsoft. Mnyororo imara hauwezi kuiokoa bidhaa ambayo mteja ameacha kuitaka.

Waridi la Naivasha lashuka baharini

Mfano wa karibu nasi unatoka Kenya. Kwa miaka mingi waridi la Naivasha lilisafiri kwa ndege. Likikatwa shambani leo, baada ya siku mbili tatu linaweza kuwa kwenye soko la mnada la Aalsmeer, Uholanzi. Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilipomwaga majivu angani na ndege za Ulaya zikazuiwa kwa karibu wiki nzima. Maua yalitupwa kwa tani. Mwaka 2020 Uviko-19 ulirudisha funzo lilelile kwa njia nyingine: ndege za abiria, ambazo hubeba mizigo chini ya abiria, zilisimama, na nafasi iliyobaki ikawa ghali.

Ndipo wengi wakaitazama bahari kwa umakini zaidi. Kutoka Mombasa hadi Rotterdam ni safari ya takribani mwezi mmoja. Inawezekanaje ua likae mwezi bila kunyauka?

Jibu ni baridi isiyokatika. Waridi hukatwa likiwa bado limefumba kiasi na kulindwa dhidi ya ukungu. Hupozwa hadi karibu nusu nyuzi ya Selsiasi, na kutoka hapo halipaswi kuonja joto tena: chumba cha baridi, kontena la friji, jenereta inayoendesha friji hiyo lori likiwa barabarani, umeme wa bandarini, umeme wa melini. Katikati ya maboksi hukaa kifaa kidogo kinachorekodi joto safari nzima. Friji ikizimika kwa saa chache juani Mombasa, rekodi itaonyesha tarehe na saa, na hapo itajulikana nani alikuwa na dhamana ya mzigo.

Mabadiliko haya yalidai mengi zaidi ya kununua friji. Aina ya waridi ilibidi ichaguliwe upya, kwa sababu si kila aina inavumilia mwezi gizani. Ratiba ya shamba ilibidi isogezwe nyuma, maana ua la kuuzwa Februari 14 sasa hukatwa mapema Januari. Mnunuzi naye alilazimika kuagiza mapema. Faida yake ni nauli nafuu kuliko ya ndege, na uchafuzi mdogo zaidi wa hewa, jambo ambalo maduka ya Ulaya yanalidai kwa nguvu.

Kisha ikaja Bahari ya Shamu. Meli zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mwezi mmoja ulirefuka, na kwa ua kila siku ni uhai. Waliohamishia kila kitu baharini walibanwa. Waliobakiza sehemu ya mzigo angani waliweza kugeuka. Njia mpya, hata ikiwa bora, isiwe njia pekee.

Teknolojia inajibu maswali gani?

Wauzaji wa mitambo huahidi mengi. Ni rahisi kuyapima tukiuliza kila kifaa kinajibu swali gani.

- Hiki ni nini? Hapa kuna msimbo wa mistari, ile mistari myeusi kwenye pakiti. Ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza Juni 26, 1974, kwenye pakiti ya bazoka mjini Troy, Ohio. Tangu hapo duka linajua kilichouzwa dakika hiyohiyo.
- Kiko wapi? Kenya, Uganda na Rwanda hufunga lakiri za kielektroniki kwenye kontena za mizigo ya kwenda nchi jirani. Lori likikengeuka au lakiri ikiguswa, ofisi inajua.
- Kiko katika hali gani? Hii ni kazi ya vifaa vya kurekodi joto, kwa maua, samaki, chanjo na dawa.
- Kimelipiwa? M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 haikulenga ugavi, lakini leo muuza duka hulipia mzigo bila kufunga duka wala kubeba fedha taslimu barabarani.
- Kinaweza kufika kwa njia nyingine? Rwanda ilianza Oktoba 2016 kupeleka damu hospitalini kwa droni za Zipline, ndege ndogo zisizo na rubani, kutoka kituo cha Muhanga. Damu ya kundi adimu haihitaji tena kuwekwa kila hospitali na kuharibika. Inakaa mahali pamoja na kurushwa inapohitajika.

Hata hivyo kifaa hakivuki mpaka peke yake. Mizigo ya Mombasa kwenda Kampala iliharakishwa zaidi na makubaliano kuliko mashine. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014, kodi hukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado bandarini badala ya kusubiri mpakani, na safari iliyokuwa ikichukua takribani siku 18 ikashuka hadi siku nne hivi. Na mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa Uviko-19, foleni ya malori Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ilirefuka kwa kilomita nyingi. Lakiri za kielektroniki zilionyesha kwa usahihi kabisa mahali malori yaliposimama. Hazikuweza kuyasogeza.

Kwa ufupi: kabla ya kununua teknolojia, uliza itajibu swali gani, na nani atafanya nini akishapata jibu.

Nani analipia utayari?

Akiba, muuzaji wa pili na njia ya pili vyote vina gharama. Hapa pana suala la haki ambalo vitabu vingi vya biashara hulipita haraka. Kampuni kubwa inapoamua "kuimarisha mnyororo", mara nyingi gharama husukumwa chini: msambazaji atunze akiba kwa fedha yake, dereva asubiri mpakani bila posho ya ziada, mkulima angoje malipo yake miezi mitatu.

Kontena la friji la futi 40 linahitaji maua mengi kulijaza. Shamba kubwa linaweza. Mkulima mdogo hawezi, isipokuwa ajiunge na wenzake kwenye ushirika au apate wakala wa kukusanya mizigo. Bila hivyo, teknolojia nzuri inageuka mlango wa kumfungia nje.

Na anayewabana wadogo hujikata mwenyewe. Nakumatt, iliyowahi kuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya Afrika Mashariki, ilipolimbikiza madeni ya wauzaji wake, wengi waliacha kuleta bidhaa. Mwaka 2017 rafu zilibaki wazi wateja wakishuhudia. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Barabara zilikuwepo, bidhaa zilikuwepo, wateja walikuwepo. Kilichokatika ni fedha, na imani ikafuata.

Kwa mwenye duka, shamba au karakana

Huhitaji kuwa Toyota ili utumie mafunzo haya. Chukua daftari ujibu maswali haya kwa maandishi:

1. Ni bidhaa gani tano zinazonipa faida kubwa zaidi, na kila moja naipata kwa nani?
2. Huyo naye anaitoa wapi? Je, wauzaji wangu wawili wanachukua kwa mwagizaji mmoja?
3. Mzigo ukichelewa wiki tatu, kipi kitaniishia kwanza?
4. Kati ya bidhaa zangu, ipi inastahili akiba ya ziada kwa sababu haiharibiki na haikosi mnunuzi?
5. Habari mbaya ikitua kwa kijana wa dukani au wa ghalani, itanifikia siku hiyohiyo? Na akinieleza, nitamshukuru au nitamfokea?
6. Nani ananidai? Nikimlipa kwa wakati leo, ndiye atakayenikumbuka bidhaa zikiadimika.

Wanaoagiza China kwa kugawana kontena na kulipia kwa mita za ujazo wana la saba: bidhaa ipi nzito kwa faida na ndogo kwa nafasi inaweza kuchukua nafasi ya zile zinazojaza kontena bure nauli ikipanda? Na kwa wote, oda ya sikukuu itoke mapema, kabla kila mtu hajaigombea meli ileile.

Mifereji itaziba tena, mipaka itafungwa tena, na kutatokea mashine mpya zinazoahidi kumaliza yote. Wewe anza na swali la pili la daftari lako. Mpigie muuzaji wako wiki hii, umuulize mzigo wake anautoa kwa nani, na akishakujibu, tafuta wa pili kabla hujamhitaji.